Nuni, Jimu, Sini

Tope si najisi. Mtoto wa Kiuyu hulijua hilo kabla hajajua kujifunga shuka yake mwenyewe. Akirudi bondeni na matope mpaka magotini, bibi yake humfukuza asikanyage jamvi, lakini humfukuza kwa uchafu tu; akitaka kusali na tope lake, asali. Jasho ni chafu, si najisi. Kamasi nazo hivyo hivyo. Ila tone moja la mkojo, dogo kama punje ya mtama, likirukia kanzu iliyotoka kufuliwa sasa hivi na inang'ara kama ganda la yai, kanzu hiyo ni najisi, na anayesali nayo hana sala. Alipolamba mbwa huoshwa mara saba, na moja katika hizo saba ni kwa udongo. Ndiyo kusema udongo, ambao mtu wa mjini anauita uchafu na kuukung'uta viatuni, huko kwetu unatoharisha. Kila kitu na jina lake. Uchafu huondoka kwa maji. Najisi huja kwa hukumu na huondoka kwa hukumu.

Masika bin Duni hakusoma sana. Alifika juzuu ya Amma akaitwa shamba kuchuma karafuu, na chuo kikaishia hapo. Lakini haya aliyajua kama alivyoijua njia ya kwake. Ndiyo maana mwaka ule wa thalathini na saba, wakubwa walipokuja kuweka neno kisimani, hakudhani kwamba wanafanya kusudi. Alidhani wamekosea. Kosa huombewa radhi, kosa hufutwa. Kwa kudhani hivyo alishika njia ya Wete kwa miguu, na mwisho alikwenda mara tatu.

Kisima chenyewe kilikuwa nyuma ya nyumba yake, hatua arubaini kutoka mlango wa uani. Alikichimba babu wa mkewe, Bi Mize, akakitia wakfu kwa maneno yanayorudiwa mpaka leo: kinywewe, kitawadhiwe, na maiti wakoshwe kwacho. Mize alikulia kwa maji hayo, akabalehe kwa maji hayo, akaolewa na Masika bila kuhama, maana Masika ndiye aliyehamia kwake, na wenziwe wakamcheka kwa hilo mpaka wakachoka.

Tena Mize alikuwa mwosha. Akifa mwanamke Kiuyu, kabla hata ya kutumwa watu kwenda kuchimba kaburi, alitumwa mtu kwa Bi Mize. Alikuja na kata yake ya kifuu na fundo la majani ya mkunazi, akaamuru shuka lizungushwe, akawatoa nje wanaolia kwa sauti. Mikono yake ilikuwa mepesi. Watu walisema ukimwona akimkosha maiti utadhani anaogopa kumwamsha. Wasichana walikuwa wakimtania, "Bi Mize, na siku yako nani atakukosha weye, hali sisi tunaogopa wafu?" Naye akijibu bila kuinua uso, "Mwosha huoshwa. Mtajifunza siku hiyo hiyo."

Miaka kama ishirini alifanya kazi hiyo, na hakuna aliyemkosha kwa maji mengine ila ya kisima cha babu yake. Mwanawe mwenyewe alimkosha kwa maji hayo. Walijaliwa mtoto mmoja tu, Mwanakhamis, akafa kwa homa naye ana miaka sita. Wanawake walimwambia Mize akae, watamkosha wao. Alikataa. Toka siku hiyo aliitwa mama Mwanakhamis, na Masika hakupata kumwita vingine.

Basi, mwaka huo akaja Mzungu wa afya. Alikuwa mrefu, amevaa soksi mpaka magotini, na alipiga magoti ukingoni mwa kila kisima kama anayetaka kuabudu. Akiteka maji kidogo, anatia kwenye chupa, anainua juani, anatazama. Kwa Bi Mize alitazama muda mrefu. Kisha akawaonesha watu: mlikuwa na viluwiluwi, vinajipindapinda. Toka hapo jina lake likawa Bwana Viluwi. Aliyekuwa akimtafsiria ni karani mmoja kijana wa ofisini, akiitwa Othman, kofia imepigwa pasi, lugha yake ya mjini. Karani akasema wadudu hawa ndio mbu, na mbu ndio homa. Watu wakaitikia ewaa, ewaa, kama wanavyoitikia wakubwa, na wazee wakaulizana pembeni kama Mzungu hakupata kuona kiluwiluwi kwao.

Na haki isemwe: Bwana Viluwi hakusema uongo. Lau karani angewaambia tu kwamba maji yamechafuka, Kiuyu wangefanya kama walivyofanya siku zote. Wanaume wanne wangeshuka, wakakikomba kisima mpaka kwenye mwamba, wakatoa majani na tope, wakapikiwa uji, na jioni maji yangepanda yakiwa mapya. Kazi ya siku moja.

Siku tatu baadaye likaja gari na ubao. Ubao umepakwa chokaa, umepigiliwa kwenye nguzo mbili, na maneno ya rangi nyekundu. Juu yameandikwa kwa herufi za skuli. Chini, ili wazee na wanawake wasipate la kusingizia, yameandikwa kwa herufi za chuoni. Maji ya kisima hiki ni najisi. Kwa amri.

Sheha Soud alisimama na kuusoma kwa sauti, kisha akakohoa. Mize alikuwa nyuma ya ua wa makuti. Herufi za skuli hakuzijua, lakini zile za chini alizijua toka utotoni. Masika alimwona akitikisa midomo akiunganisha, nuni, jimu, sini, mpaka likatoka neno. Aliliweka chini jungu alilokuwa amelishika, taratibu, akaingia ndani.

Mwanzo watu walifanya mzaha. Walisema serikali sasa imekuwa shehe. Mmoja akauliza kama Bwana Viluwi naye hutawadha. Lakini mzaha hauteki maji. Jioni ile ile hakuna aliyetia ndoo, na kesho yake, na kesho kutwa. Maana neno hilo si la kujaribia. Uchafu mtu anaweza kuubishia, akasema mimi sioni. Najisi huwezi kusema huioni. Najisi nyingi hazionekani, ndiyo hatari yake. Na huyu katazama kwa chupa, kaona ambayo sisi hatukuyaona. Nani ajuaye?

Wakawa wanateka ng'ambo ya bonde, mwendo wa kupanda na kushuka. Na ilipofika wiki ya pili akaja Mwanapili.

Mwanapili na Mize walicheza pamoja wakiwa watoto. Alikuja alasiri, akabisha hodi, na alipokaribishwa hakukaa jamvini kama siku zote, alikaa kizingitini. Masika alikuwa uani akichonga mpini, akayasikia yote. Walianza kwa habari za mvua. Kisha Mwanapili akauliza, "Bi Mize, mama yangu ulimkosha kwa maji gani?"

"Si unajua. Ulikuwapo."

"Ya hapa."

"Ya hapa."

"Basi mama yangu yuko vipi huko aliko?"

Masika aliliacha shoka lake. Mwanapili akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kulia, "Nauliza tu, shoga yangu. Sikuja kugomba. Ila silali."

Alipoondoka, Mize alikaa pale pale mpaka magharibi ikaadhiniwa. Kisha akasema na mumewe, wala hakumtazama. "Huyo kamuulizia mamake. Mie nitamuuliza nani? Mwanakhamis je?"

Masika akamwambia maneno aliyokuwa nayo: kwamba maji ya babu yake ni tohara, kwamba wale ni makafiri hawajui wanalosema. Mize akasema aliyeandika si kafiri. Aliyeandika kaandika kwa herufi za Qurani, hakuacha hata nukta.

Usiku hakulala. Na kulipokucha alikuwa ameshakata shauri. Kama maji ni najisi, basi hakupata kutawadha toka abalehe. Na kama hakutawadha, hakupata kusali. Na asiyesali anadaiwa. Miaka thalathini na kitu. Atazilipa. Baada ya kila faradhi atasali nyingine tano za kadha, na Mungu akimpa miaka sita atakuwa amemaliza. Alichukua pindi la ukili, ule utepe mrefu wa ukindu aliokuwa akiusuka kwa ajili ya mkeka, akaacha kusuka. Kila siku moja aliyoilipa alifunga fundo moja kwenye ukili. Mafundo matano kwa siku.

Maji ya kutawadhia akayafuata ng'ambo ya bonde, mtungi kichwani, asubuhi na alasiri, mwanamke wa makamo. Masika alipomzuia hakuzuilika, basi akaunda mzegazega, ule mti wa begani wenye madebe huku na huku, akawa anateka yeye. Vijana wa njia panda wakamwimbia kwamba Masika kaolewa. Hakuwajibu. Lakini Mize alikuwa na wasiwasi hata na maji hayo. Akinawa mara tatu alirudia mara saba, na madebe mawili yakawa hayatoshi, akarudi kubeba mtungi mwenyewe.

Kuitwa kukosha hakuitwa tena. Alikufa mwanamke mtaa wa pili, akaletwa mwosha kutoka kijiji kingine. Mize alisikia vilio akiwa juu ya msala, akainuka kidogo kama mtu aliyeitwa, kisha akarudi kukaa.

Hapo ndipo Masika alipomwendea Sheha Soud amuombe autoe ubao. Sheha akasema ubao una amri, na amri haitolewi na sheha, sheha hupokea tu. Masika akamuuliza kama yeye mwenyewe anaamini maji yale ni najisi. Sheha akasema imani yake anayo nyumbani kwake.

Basi akaenda Wete. Alitoka baada ya sala ya alfajiri, kanzu yake ya Ijumaa kaikunja ndani ya kikapu, akaivaa alipoukaribia mji. Kwanza alikwenda kwa shehe mmoja aliyekuwa akisomesha fikihi barazani kwake, mtu mwenye sifa. Shehe akamsikiliza. Akamuuliza maji yana kina gani. Masika akasema akisimama ndani yanamfika shingoni. Yamebadilika rangi? Hapana. Ladha? Hapana. Harufu? Hapana. Shehe akasema maji yakifika kulateni, yaani mitungi mikubwa miwili, hayanajisiki ila kwa kubadilika mojawapo ya hayo matatu, na hayo ya kwenu ni kulateni mara mia. Na kiluwiluwi hana damu ya kutiririka. Hata afe humo hayamnajisi mtu. "Kamwambie mkeo alale," akasema. "Hana sala hata moja ya kulipa."

Masika alitokwa na machozi pale barazani. Akamuomba amwandikie hayo kwenye karatasi. Shehe akatazama njiani, akatazama juzuu zake. Akasema yeye anakula riziki hapa mjini, na akiandika kinyume cha ubao wa serikali ataulizwa.

"Mdomo wangu nakupa," akasema. "Kalamu sikupi."

Ofisini alingojeshwa mpaka adhuhuri. Bwana Viluwi hakuwapo, yuko ziarani. Akaletwa kwa karani Othman, ambaye alimkaribisha vizuri, akampa kiti, hata akamuuliza habari za mashamba. Masika akamweleza kwa adabu kwamba pametokea kosa dogo la kuandika. Mwandishi alikusudia machafu, kalamu ikateleza ikaandika lile neno jingine. Hakuna mwenye kulaumiwa. Linafutika kwa tone la rangi.

Karani akatabasamu. "Mzee, halikukosewa. Bwana alisema machafu. Mimi ndiye niliyemwambia, ukiwaandikia watu wa shamba machafu watacheka, na jioni watakunywa. Waandikie najisi, hakuna atakayetia ndoo. Haya, kuna aliyetia ndoo?"

"Hakuna."

"Basi neno limefanya kazi yake."

Masika akamuuliza, "Bwana karani, weye unasali?"

"Nasali, alhamdulillahi."

"Unatawadha kwa maji gani?"

"Ya mfereji."

"Mke wangu ni mwosha," Masika akasema. "Kakosha wanawake wa mji mzima kwa maji yale. Kamkosha mwanetu. Sasa anasali usiku na mchana kulipa sala ambazo hadaiwi. Weye na mie tunajua kwamba hadaiwi."

Karani aliiweka kalamu yake mezani. Uso wake ulibadilika, na ingekuwa uongo kusema haukubadilika. "Hilo sikulifikiria," akasema. Halafu mlango wa ndani ukafunguliwa, mtu akamwita, akainuka akivuta koti lake. Alisema malalamiko yote yaletwe kwa maandishi.

Njiani kurudi Masika hakuona miti wala watu. Hakuwa na hasira na Mzungu, Mzungu hajui. Hasira yake ilikuwa kwa yule aliyejua. Mtu kalichukua neno la dini kama anavyolichukua mchungaji gongo lililoegemezwa mlangoni, akapigia ng'ombe, akalirudisha mahali pake.

Alimweleza Mize yote. Alimpa maneno ya shehe moja moja, kulateni, rangi, ladha, harufu. Mize alisikiliza huku vidole vinachezea ukili.

"Kaandika?" akauliza.

"Hakuandika."

"Shehe hakupata kukiona kisima. Aliyekiona ndiye aliyeandika."

Ndipo Masika akamwambia kwamba aliyeandika kakiri mwenyewe kwamba alilichagua neno ili kutia watu hofu. Alidhani hilo litamfungua. Mize alimtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtoto aliyeleta habari ya uongo kwa kuhadaiwa.

"Muislamu hachezei neno hilo, mume wangu," akasema. "Kakwambia hivyo ili urudi nyumbani. Wanaficha waliyoyaona."

Wema wa mkewe ndio uliokuwa umemfungia mlango. Hakuweza kumdhania mtu ubaya wa namna hiyo, basi ilimbidi ajidhanie yeye mwenyewe.

Safari ya pili alikwenda na barua. Aliyemwandikia kwa herufi za skuli ni Noorali, mwenye duka la njia panda, ambaye hakutaka malipo ila alimuomba asimtaje. Barua ilisema maji si najisi, ubao ubadilishwe. Akaambiwa Bwana kenda likizo kwao, barua itamngoja. Safari ya tatu akaambiwa barua imeonekana, ajiendee zake, jambo linashughulikiwa. Huku nyumbani Mize alikuwa amekonda, magoti yameota sugu, na ukili wenye mafundo umejaa nusu ya kikapu.

Na kweli likashughulikiwa. Ulipotimu mwezi wa saba toka ubao uwekwe, walikuja watu wawili na debe la mafuta. Wakamwaga kidogo kisimani, yakatandaa juu ya maji yakionesha rangi kama shingo ya njiwa, viluwiluwi wakafa. Wakang'oa ubao wa zamani, wakaweka mpya. Masika alitoka mbio kwenda kumwita mkewe. Alimshika mkono, maana alikuwa na homa toka juzi, akamtoa uani, akamsimamisha mbele ya ubao.

Mize akasoma herufi za chini, kidole kinafuata hewani. Maji haya sasa ni safi.

"Safi," akasema.

"Safi," Masika akasema. "Wamelitoa."

"Safi ni neno la nguo. Hawakusema tahiri, neno la sala."

"Mama Mwanakhamis, hayo ndiyo maneno yao. Ndiyo hiyo hiyo."

Mize akairudia tena kwa kidole, akasimama katikati ya mstari. "Sasa," akasema. "Wamesema sasa. Kwa hiyo kabla yake yalikuwa vile walivyosema."

Aligeuka akaenda zake ndani, akashika ukuta. Ule ubao wa kwanza ulikuwa umemtia shaka. Huu wa pili ulimpa yakini.

Homa haikumtoka. Kwamba homa inaletwa na mbu Masika amesikia, na wala habishi. Pengine mbu wenyewe walitoka kisima kile kile, na Bwana Viluwi ana haki yake. Lakini mwili uliokuwa haujala wala haujalala miezi saba, homa iliukuta kama nyumba isiyo na mlango. Siku ya tano alisali kwa ishara ya macho. Siku ya sita, asubuhi, alimwita mumewe akae karibu.

Masika alidhani atamuusia amchotee maji ng'ambo ya bonde. Alikuwa tayari, angekwenda mara kumi.

"Mnikoshe kwa maji ya hapa," Mize akasema.

"Ya babu yako."

"Ya Mwanakhamis. Kama ni tahiri, tahiri. Kama ni vile walivyosema, basi nisimwache peke yake."

Alifariki kabla ya adhuhuri.

Wanawake walikuja, na walikuja wengi, maana hakuna nyumba Kiuyu ambayo hakupata kuitia mkono wake. Walilia kwa haki. Lakini Masika alipotoa wasia wake waliangaliana. Mwosha wa kijiji kingine akasema yeye hatii mkono wake katika jambo la shaka, na yaletwe maji mengine. Baadhi walikuwa wameshayaleta, mitungi imepangwa ukutani. Wakambembeleza. Wakamwambia marehemu alikuwa na homa, mwenye homa haisikilizwi kauli yake. Mwosha huoshwa, Bwana Masika, usimnyime haki yake kwa ukaidi.

"Hatanyimwa," akasema.

Alikwenda kisimani mwenyewe. Kamba ilikuwa imekauka kwa kutotumika, ikamkwaruza viganja. Alizungusha ndoo juu ya maji mpaka mafuta yakajitenga, akaizamisha, akateka. Akateka mpaka madebe manne yakajaa, akayabeba mawili mawili kwa mzegazega ule ule, na safari hii hakuna aliyemwimbia. Sheria inamruhusu mume kumkosha mkewe. Hilo shehe hakuhitaji kumwandikia. Na namna ya kukosha aliijua kwa kusimuliwa na mwenyewe, jioni nyingi, alipokuwa akirudi kazini na kusema leo fulani alikuwa mwepesi, leo fulani alikuwa na vidonda mgongoni nikapita mbali.

Wanawake walitoka. Akabaki Mwanapili. Alikuwa amesimama na mtungi wake mikononi, wa maji ya ng'ambo. Masika alidhani atagomba. Aliuweka chini, akachukua ncha moja ya shuka la kuzuia, akaliinua, akageuza uso wake upande. Hakugusa maji ya kisima. Lakini mikono yake haikushuka toka mwanzo mpaka mwisho, na ni kazi ndefu.

Masika akamkosha. Kwanza kwa majani ya mkunazi, kisha kwa maji matupu, mwisho kwa kafuri. Kulia kabla ya kushoto. Alijaribu mikono yake iwe mepesi, na haikuwa. Ni mikono ya jembe. Kwenye magoti, palipoota sugu, alikawia.

"Yana harufu?" akamuuliza Mwanapili kwa sauti ndogo. Mafuta ya juu yalikuwa yamemtia wasiwasi hata yeye.

Mwanapili alivuta pumzi, uso wake ungali upande. "Sisikii," akasema. "Nasikia kafuri tu."

Walimzika alasiri, ubavuni pa Mwanakhamis. Sheha Soud alikuwapo, akatia udongo wake. Kutoka ofisini hakuja mtu, na kwa nini aje. Jambo lao lilikuwa limeshashughulikiwa. Karani Othman inasemekana alipandishwa cheo mwaka uliofuata, kwa kuwa anajua namna ya kusema na watu wa shamba.

Ubao wa pili uliliwa na mchwa, neno moja baada ya jingine, na wakati mmoja uliobaki kusomeka ni mwanzo tu: maji haya. Hakuna aliyeweka mwingine. Masika ndiye peke yake anayetawadha pale. Wengine hupita, humwamkia, huenda na ndoo zao ng'ambo.

Ukili uko kikapuni chini ya kitanda. Siku ya arubaini aliutoa, akakaa nao mlangoni kwenye mwangaza, akakusudia kuyafungua mafundo yote, maana yote yalikuwa ya sala zisizodaiwa. Lakini Mize aliyafunga akiwa katoka kutawadha, vidole vimerowa, na ukindu ukifungwa na maji ukaja kukauka, fundo lake halifunguki, hukatwa. Alijaribu la kwanza kwa kucha, akajaribu la pili kwa meno. Kisu kilikuwa pale pale kizingitini. Alikitazama, kisha akauzungusha ukili kama alivyoukuta, akaurudisha kikapuni, akaenda kisimani kutawadha.